Bahari Isiyo na Chama: Vyama vya Kwanza vya Somalia na Mvutano wa Uchumi, Kutoka Kismayo

Mtu aliyezaliwa Kismayo mwanzoni mwa karne ya 20 na kuzeekea papo hapo alibadilishiwa fedha mara tano bila kuhama nyumba. Utotoni aliiona rupia, iliyotumika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ilipoondoka rupia, ikaja shilingi katika mwaka 1921. Juni 1925 Uingereza ikaikabidhi Jubaland kwa Italia, kutimiza ahadi iliyotolewa mwaka 1915 ili Italia iingie vitani upande wake, na lira ikaingia sokoni. Februari 1941 majeshi ya Uingereza yakauteka mji, na shilingi ikarudi. Mwaka 1950 Italia ilirejeshwa tena, safari hii kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikatolewa sarafu mpya iliyoitwa somalo, thamani yake sawasawa na shilingi ya Afrika Mashariki. Somalo nayo ikapisha shilingi ya Kisomali mwaka 1962.

Kwa Wabajuni wa Chula, Chovai, Koyama na Ngumi, visiwa vilivyojipanga kutoka kusini ya Kismayo kuelekea Ras Kiamboni, mabadiliko hayo yaliingia hadi ndani ya chombo. Gamba la ng'amba na ng'onda wa papa vingeweza kuuzwa Kismayo au kushushwa hadi Lamu, kutegemea upepo, bei na mahali walipo ndugu. Mpaka uliochorwa mwaka 1925 uliwagawa watu wa lugha moja. Wa Kiunga na Faza wakabaki upande wa Uingereza, wa Chula wakawa wa Italia. Tangu siku hiyo, safari ya kwenda kumzuru shangazi ikawa pia jambo la forodha.

Nimeanza na fedha kwa sababu historia ya vyama vya kwanza vya Somalia imezoeleka kusimuliwa kwa koo peke yake: chama hiki cha ukoo huu, kile cha ukoo ule, na maelezo yakaishia hapo. Koo zilikuwepo na zilikuwa na nguvu. Lakini ukitazama mambo yaliyogombaniwa hasa, yaani ardhi ya mto, bei ya ndizi, ushuru wa forodha, mishahara ya serikali na nguvu za mji mkuu, unakuta ubishi wa uchumi uliokomaa. Wamarekani wa miaka ya 1790, waliogawanyika baina ya Alexander Hamilton na Thomas Jefferson, wangeutambua mara moja. Ukiutazama ubishi huo kutoka visiwani, unaona pia kitu ambacho hakuna chama kikubwa kilichokibeba, nacho ni bahari.

Chama kilichokuja kutawala kilianza kama klabu. Tarehe 15 Mei 1943, vijana kumi na watatu walianzisha Klabu ya Vijana wa Kisomali mjini Mogadishu, chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza. Mwaka 1947 klabu ikageuka chama, Somali Youth League (SYL), ambacho wenyeji walikiita Lega kwa Kiitaliano. Nguvu yake ilikuwa kwa makarani, askari polisi, wafanyabiashara wa mijini na vijana waliosoma. Walitaka taifa moja la Wasomali wote, shule, na mwisho wa uhasama wa koo. Katika uchumi, walitaka Waitalia wasirudi. Kumbukumbu ilikuwa mbichi: katika miaka ya 1930 watu walikamatwa vijijini na kupelekwa kwenye mashamba ya walowezi kufanya kazi kwa nguvu. Tume ya Mataifa Manne ilipokuja mwaka 1948 kuuliza wananchi wanataka nini, SYL iliomba udhamini wa miaka kumi chini ya mataifa yote manne kwa pamoja. Januari 11 ya mwaka huo damu ilimwagika Mogadishu, wakafa Waitalia zaidi ya hamsini na Wasomali zaidi ya kumi. Hata hivyo, tarehe 21 Novemba 1949 Umoja wa Mataifa uliipa Italia udhamini wa miaka kumi.

Chama cha pili, Hizbia Digil Mirifle, kilichoanzishwa 1947, kilitoka katika nchi iliyo kati ya Mto Shebelle na Mto Juba. Watu wake walilima mtama na kufuga ng'ombe, wakakaa katika vijiji vya kudumu wakiwa na visima vyao na maghala ya kuchimba ardhini. Hofu yao ilikuwa tofauti. Waliona dola inayokuja ikijazwa maofisa na askari kutoka jamii za wafugaji na miji, na wakajiuliza ni nani atakayeilinda ardhi yao pindi Mwitaliano atakapoondoka. Ndiyo maana Hizbia haikuwa na haraka. Upande huo wa siasa ulikuwa tayari Italia irudi, na kwa muda mrefu zaidi. Wapinzani wao waliwaita vibaraka. Mimi naona neno hilo linaficha hesabu ya mkulima: alikuwa akimpima bwana wa leo na bwana wa kesho, na wa kesho ndiye aliyemtia wasiwasi zaidi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa na mmea wake, mgomba. Kandokando ya Juba, kuanzia Jilib na Kamsuma hadi Jamaame, mji ambao Waitalia waliuita Margherita, na kandokando ya Shebelle huko Genale na Afgoye, walowezi wa Italia walishika mashamba makubwa ya umwagiliaji. Wengi wa waliolima walikuwa watu wa Gosha, wazao wa watumwa waliotoroka au kuachiwa huru katika karne ya 19 wakaifanya misitu ya Juba kuwa kwao. Baadhi yao hadi leo wanazungumza Kizigula, lugha ya bara ya Tanga, mamia ya maili kutoka ilikozaliwa. Ndizi zilipakiwa Kismayo, Merca na Mogadishu. Wakati wa udhamini zilikuwa zaidi ya nusu ya bidhaa zote zilizouzwa nje.

Ndizi hizo zilikuwa na siri yake. Ziliuzwa karibu zote Italia, zikanunuliwa na shirika la serikali lililohodhi biashara hiyo tangu 1935, kwa bei iliyozidi ya soko la dunia. Mlaji wa Roma au Milano alilipa ziada, na ziada hiyo ndiyo iliyomweka mlowezi shambani. Kwa hiyo zao kuu la nchi halikusimama kwa miguu yake. Mwanasiasa yeyote aliyetaka kumfukuza mlowezi alipaswa kueleza ndizi atamuuzia nani, na ushuru wa kulipa polisi atautoa wapi. Hazina nayo ilitegemea forodha na ruzuku ya Roma. Mfugaji anayehama na ngamia wake si rahisi kumtoza kodi, na mkulima wa mtama alikuwa na kidogo cha kutozwa.

SYL iliposhika madaraka ilikutana na ukweli huo uso kwa uso. Katika uchaguzi wa 1956 ilipata viti 43 kati ya 60 vya Wasomali, Hizbia ikapata 13, na vinne vilivyobaki vikagawanywa na vyama viwili vidogo. Abdullahi Issa Mohamud akawa waziri mkuu wa kwanza. Januari 1957 ujumbe wa Benki ya Dunia ulitoa ripoti yake: baada ya uhuru, nchi ingehitaji msaada wa fedha kutoka nje kwa miaka ipatayo ishirini. Chama kilichokuwa kikiipinga Italia sasa kilikaa mezani kuomba ruzuku iendelee, bei ya ndizi ilindwe na mtaji wa kigeni uje. Kampuni za mafuta, Agip ya Italia na Sinclair ya Marekani, zilikuwa tayari zikichimbachimba ardhi.

Si wote chamani waliokubali. Haji Muhammad Hussein, aliyechaguliwa rais wa SYL mwaka 1957 akiwa Cairo, alirudi nchini na maneno ya Misri ya Nasser, akiituhumu serikali kwa kuelemea mno Italia na nchi za Magharibi. Mwaka 1958 alifukuzwa, akaunda chama chake cha Somalia Kubwa. Hapo ugomvi ulihusu nani awe mlipaji wa nchi, na mlipaji naye atadai nini.

Hizbia ilichukua njia nyingine. Wakati huo majina ya kikabila yalikuwa yamekatazwa kwa vyama, nayo ikabadilisha maneno ikabakiza herufi zake: Hizbia Dastur Mustaqil al-Sumal, Chama cha Katiba Huru ya Somalia. Katika mkutano wake wa 1958 ilidai katiba ya shirikisho, mikoa ijiendeshe kikamilifu. Wengi waliisikia kauli hiyo kama sauti ya ukabila. Mimi naisoma kama kauli ya mlipa kodi. Mkoa unaojiendesha ungekuwa na sauti juu ya hati za ardhi, juu ya ajira, juu ya barabara gani itengenezwe kwanza. Serikali ya SYL ilijibu kwamba nchi changa na fukara haiwezi kubeba serikali nyingi, na kwamba umoja ukigawanywa hautaunganika tena. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na hilo ndilo linalouma: ubishi huo ulistahili miaka ya kujadiliwa, lakini kalenda ya uhuru ilikuwa tayari imetundikwa ukutani.

Hapa ndipo mfano wa Marekani unaponisaidia. Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya vita ya majimbo yote, ilipe kwa ushuru wa forodha, na ianzishe benki ya taifa. Jefferson na James Madison, wote wa Virginia, waliona mpango huo ukiwanufaisha wafanyabiashara wa miji ya kaskazini, na mkulima akibaki mlipaji. Mwaka 1790 walipatana: serikali kuu itabeba madeni, na mji mkuu utajengwa kusini, ukingoni mwa mto Potomac. Benki ikapatikana 1791, kwa miaka 20. Watu wa Potomac walipewa kitu kwa kukubali kwao. Watu wa kati ya mito miwili ya Somalia walipotakiwa kukubali dola moja yenye kitovu Mogadishu, sioni walichowekewa mezani.

Lakini kuna sehemu ya kisa hicho ambayo mtu wa pwani hawezi kuipita. Wavuvi wa Massachusetts, waliovua katika bahari baridi na kukausha samaki kwa chumvi, ng'onda wao, waliumizwa na mpango wa Hamilton, kwa kuwa chumvi kutoka nje ilitozwa ushuru na chumvi ni nusu ya kazi ya mvuvi. Wakalalamika. Februari 1791 Jefferson mwenyewe, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliwasilisha kwa Bunge ripoti ndefu juu ya uvuvi wa samaki hao na wa nyangumi. Mwaka uliofuata ulizuka mjadala mkali. William Giles wa Virginia alipinga kabisa: kwa nini mkulima wa kusini ampe mvuvi wa kaskazini fedha? Madison akasema inaweza kukubalika ikiwa inarudishwa tu ile fedha ya ushuru wa chumvi, si zawadi. Sheria ikapita Februari 1792. Kila chombo kilichovua baharini walau miezi minne ya mwaka kililipwa kwa kadiri ya ukubwa wake, na fedha hiyo ikagawanywa kwa sheria, sehemu tatu kati ya nane kwa mwenye chombo na tano kwa wavuvi.

Mtu aliyeinama akivuta wavu katika maji ya barafu alijadiliwa kwa siku kadhaa na wabunge waliochukiana, na mwishowe sheria ikaandika fungu lake. Hakupendwa na pande zote mbili. Lakini alihesabiwa na pande zote mbili.

Visiwani kwetu miaka hiyo ya udhamini, mvuvi alihesabiwa na mtaalamu mmoja wa Kiitaliano. Vinigi Grottanelli aliishi na Wabajuni mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 kitabu chake juu yao, chenye jina linalowaita wavuvi wa Bahari ya Hindi, kilichapishwa Roma. Ufundi wa kuandikwa ulikuwepo tele. Wabajuni walikuwa mafundi wa jarife na malema, wa kuunda vyombo, na wa ule uvuvi wa ajabu wa kutumia samaki wa kujinata: anafungwa kamba mkiani, anaachiliwa majini, anajigandisha kwenye gamba la kasa au ng'amba, na mvuvi anavuta taratibu hadi mnyama afike ubavuni mwa dau. Walijua kaskazi inaingia lini na kusi inafunga bahari lini. Huo ulikuwa uchumi kamili, wenye mtaji wake, deni lake kwa tajiri wa mjini, masoko yake na ujuzi wa kurithishwa. Ulihitaji vitu vichache kutoka serikalini: forodha isiyowaadhibu kwa kuuza Lamu, mkopo wa chombo, ghala na barafu Kismayo, maji safi visiwani.

Nani angeyasema hayo bungeni? Bunge la 1956 lilikuwa na viti kumi vya jamii ndogo juu ya vile 60: vinne vya Waitalia, vinne vya Waarabu, kimoja cha Wahindi, kimoja cha Wapakistani. Mbajuni hakuwa na kiti, kwa sababu si mgeni. Na katika vile 60, wingi wa watu ndio uliohesabika, tena wingi usio na sensa ya kuaminika: bara watu walipiga kura kwa mikutano ya wazee, na idadi zilizotangazwa zilizua manung'uniko. Watu wachache waliotawanyika visiwani hawana mkutano wa kuujaza. Wabajuni walijaribu. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na chama kidogo chenye jina lao, Bajuni Fiqarini. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kulisoma jina hilo bila kusikia ndani yake amri ya kufikiri. Hakikupata kiti, na baada ya katazo la majina ya kikabila jina kama hilo halikuwa na nafasi tena.

Hizbia ilikuwa chama cha udongo. SYL ilikuwa chama cha ofisi, cha soko na cha ndoto ya kuwaunganisha Wasomali waliotawanywa na mipaka. Ndoto hiyo ya mwisho iliwagusa Wabajuni kwa namna ambayo hawakuiomba. Kenya ilipokaribia uhuru wake mwaka 1963, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikawa ndiyo hoja kuu ya siasa ya nje ya Mogadishu, na vita vya shifta vikafuata. Vijiji vya Wabajuni upande wa Kiunga vilihamwa kwa hofu. Mpaka ambao mwaka 1925 ulikuwa wa forodha ukawa wa bunduki. Nchini Kenya penyewe chama cha KADU kilikuwa kikidai majimbo kwa sababu zinazofanana na za Hizbia, kikikihofia chama kikubwa, KANU, na mji mkuu wake, kabla ya kujivunja Novemba 1964 na kuingia humo humo KANU.

Uhuru wa Somalia ulikuja 1 Julai 1960, na katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwezi Juni 1961 ilikuwa ya dola moja isiyo na shirikisho. Upinzani ulikuwa umedhoofika hata kabla: katika uchaguzi wa Machi 1959 SYL ilipata viti 83 kati ya 90, vingi bila mpinzani, baada ya baadhi ya vyama kususia. Kismayo haikusahauliwa kabisa. Katika miaka ya 1960 Wamarekani waliijengea bandari ya kina kirefu, na Wasovieti wakajenga kiwanda cha nyama. Ukiangalia vitu hivyo viwili unaona serikali ilichokiona ilipotazama kusini: ndizi za kupakia na ng'ombe wa kuchinja. Viwanda vya kusindika samaki vilikuwa mbali kaskazini, kwenye pwani ya jodari. Na bandari yenyewe ilikuja katika wakati mgumu. Mfereji wa Suez ulifungwa Juni 1967, na ndizi za Juba zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ili kufika Italia.

Ubishi wa uchumi ulikuwa umekwisha kufa kabla ya jamhuri yenyewe. Machi 1969 vyama zaidi ya sitini viligombea viti 123, vingi vikiwa vya ukoo mmoja au mtu mmoja, na baada ya kura karibu wabunge wote wa upinzani wakahamia SYL, palipokuwa na mgawo. Tarehe 15 Oktoba rais Abdirashid Ali Shermarke aliuawa. Tarehe 21 jeshi likachukua nchi na vyama vyote vikapigwa marufuku.

Agosti 2012 Somalia ilipata katiba ya shirikisho, lile lililodaiwa na Hizbia miaka 54 kabla. Mwaka 2013 Jubaland ikaundwa, Kismayo ikiwa ndiyo makao yake, na mvutano wa kwanza na Mogadishu ukawa juu ya jambo lile lile la zamani: mapato ya bandari ni ya nani. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mstari wa bahari kati ya Somalia na Kenya, kuanzia ufukwe wa karibu na Ras Kiamboni kuelekea kilindini. Wanasheria walizungumza juu ya vitalu vya mafuta na maili za bahari. Kaskazini ya mstari huo iko Chula, kusini yake iko Kiunga, na kusi inapotulia vyombo vinashushwa majini pande zote mbili.